Picha za safari zinavyoweza kumsaidia kijana mwenye baipola

Dodoma. Kijana anarejea nyumbani baada ya siku mbili Kondoa, alikokwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Simu yake ina picha mia sita, nyingine za saa tisa usiku. Hajalala, hachoki, anaongea haraka na anataka kufungua kampuni ya utalii kesho yake. Mwezi unaofuata hapigi picha hata moja.

Huo ni mfano tu, lakini mzazi anayelea kijana mwenye baipola ataitambua hali hiyo. Ni ugonjwa unaompandisha mtu mchangamko kupita kiasi, kisha kumtumbukiza kwenye sonona. Mara nyingi huanza ujanani. Mchangamko huo kwa kawaida hudumu wiki moja au zaidi, sonona wiki mbili au zaidi.

Simu hutunza tarehe na saa ya kila picha. Kijana anaweza kupiga moja kila siku, hata ya dirisha la basi, na kuandika alilala saa ngapi na anajisikiaje. Kliniki, daktari ataona mwenendo wa miezi, si habari za jana pekee. Mzazi asipekue simu kwa siri. Kijana ndiye achague cha kuonyesha.

Hata hivyo, picha si tiba. Dawa ziendelee hata safarini. Kukosa usingizi kunaweza kuamsha mchangamko, hivyo basi la mchana ni afadhali kuliko la usiku. Anayetumia litiamu anywe maji ya kutosha kwenye jua la Dodoma, kwani mwili ukikauka dawa huweza kuzidi kwenye damu. Akitapika, akitetemeka sana au akipepesuka, awahishwe hospitali.

Hospitali ya Mirembe imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, lakini mitaani jina lake limegeuzwa utani. Kijana anayesikia utani huo mezani kwao ataficha ugonjwa wake.

Mbuyu uliopigwa picha Oktoba, hauna jani, unaweza kudhaniwa umekufa. Januari, mvua zikishanyesha, mti uleule ni kijani. Mzazi asimhukumu mtoto kwa picha moja.