Luku ya Lamu Haitaki Laiki

Mtaani luku inapimwa na macho na laiki. Manzi hajatoka hata gate ya ploti, ashachapa picha kwa ngazi, ametupa moja Insta, sai anacheki simu kila dakika. Fiti, ni life yake. Lakini shuka na ndege pale Manda, vuka na boti hadi mji wa Lamu, ucheki gemu ya urembo ikichezwa na sheria zingine. Msupa atakupita kwa kichochoro na buibui nyeusi tii, hata hujui ni wa rika gani. Sekunde mbili baadaye udi unakugonga. Umebaki umesimama kama punda amekosa njia, na yeye ashapinda kona.

Masista wa Lamu wanaanzanga na pua. Chetezo kinajazwa makaa, udi unawekwa juu, nguo ya kutokea inatandazwa moshi upenye uzi kwa uzi. Nywele pia zinapigwa moshi. Ngozi inasuguliwa na singo, mchanganyiko wa liwa, karafuu na marashi, hadi ikae imenyooka. Alafu kuna asmini. Zinachumwa kabla hazijafunguka, zinatungwa kwa uzi jioni, na usiku zikifunguka ndio zinamwaga harufu. Ukifunga asmini pamoja na rihani na vipande vya mkadi, hapo uko na kikuba, kinadungwa kwa nywele ama kifuani. Simu yako, hata iwe ya bei gani, haina filta ya harufu. Lazima uwe karibu, na si wewe unaamua hiyo ukaribu.

Hii form si ya juzi. Mwaka wa 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa jirani cha Pate na mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alikuwa mgonjwa. Akaona asiondoke bila kumwachia binti yake mawaidha, akamwandikia utendi. Kando na dini na adabu, kuna sehemu amembongea mambo ya luku: aoge, ajisinge, atengeneze nywele, atunge asmini, hina isimwishe mkononi, wanja pia. Masista wengi wa leo wakifika penye anaambiwa amtii bwana wanakunja uso, na wako na haki. Lakini cheki hii: mathe yuko kitandani, anaugua, na bado anaona kujipamba ni elimu ya kuachia mtoto, si upuzi wa wasichana.

Usidanganywe pia ati zamani ilikuwa poa kwa kila mtu. Lamu ya enzi hizo ilikuwa na waungwana na watumwa, na urembo ulikuwa ukuta kati yao. Mwanamke wa kiungwana akitoka nje alifunikwa na shiraa, turubai la kitambaa lenye vijakazi walishikilia na miti huku yeye akitembea ndani. Hao vijakazi wenyewe hawakuruhusiwa kujistiri hivyo. Utumwa ulipigwa marufuku hapa Kenya mwaka wa 1907, na buibui ikaenea miaka hiyo ya mwanzo wa karne. Kwa mtu aliyenyimwa kujifunika, kuvaa buibui ilikuwa kusema mimi pia ni mtu. Hiyo nguo yenye watu wa Nairobi wanaiona kama kufungiwa, kuna shosho wa mtu aliivaa kama ushindi.

Sasa twende harusi, juu hapo ndio luku inalipuka. Bibi harusi anakuwa na somo wake, mama mwenye anamfunza na kumtengeneza. Hina inachorwa mikono na miguu, anakaa nayo masaa bila kushika kitu, analishwa kama mtoto. Usiku wa kupamba, ukumbi ni wa wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, ghafla unaona dhahabu, magauni, nywele zimepangwa kama siku ya Idi. Bibi harusi anaketishwa juu, macho chini, hachekicheki ovyo. Vigelegele vinapasua. Na simu? Wenye sherehe wengi hawataki kuziona, kuna mpaka mama wa kusimama mlangoni kuangalia nani ameficha. Luku imetengenezwa siku kadhaa, imekula ganji si kidogo, na haitapostiwa popote.

Urembo hauna kipimo kimoja, hata hapo hapo kisiwani. Tembea ufuo wa Shela umcheki moran wa Kisamburu akiuza shanga. Yeye ndiye mwenye nywele ndefu za kusukwa, amezipaka udongo mwekundu, na nyumbani kwao mresh mwenye kichwa kimenyolewa na shingo imejaa shanga ndiye anageuza watu. Toka hata nje ya Kenya: Wamaya wa zamani kule Guatemala na Mexico walifunga vichwa vya watoto wachanga virefuke, na watu wazima wakadunga vijiwe vya kijani kwenye meno. Wajukuu wao leo wanafuma huipil, blauzi za rangi kali, na nakshi za kila kijiji zinajulikana. Kabla ucheke meno yenye vijiwe, kumbuka jino la dhahabu lilivyopendwa Pwani.

Turudi kwa hina, kuna kitu moja tu uwe rada nayo. Hina safi inaanza na rangi ya chungwa, inakolea kwa siku moja au mbili hadi nyekundu ya kahawia. Haiwi nyeusi. Mtu akikuahidi nyeusi ya dakika chache, hiyo ni piko ya rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Inaweza kukuchoma malengelenge, na mwili ukishaikataa, unaikataa maisha yote. Uliza ni nini iko kwa koni kabla unyooshe mkono.

Wasupa wa hina wa siku hizi wako mtandaoni kama sisi. Tofauti ni kwamba wengi wanaposti mikono na miguu tu, sura hakuna. Kazi inaonekana, mboka inaingia, na mwenye mkono anabaki wake mwenyewe. Sisi wa mtaa tumezoea kutoa kila kitu bure kwa wasee hatuwajui, alafu tunashangaa kwa nini hatutosheki. Lamu inakuuliza swali simpo kabla ujirembe: nani aone, na ako na haki gani? Ukialikwa kupamba, wacha simu kwa mkoba uone vizuri. Na kama wewe ni boyi, hiyo sherehe haikuhusu, kaa baraza na wazee unywe kahawa chungu.