Orodha Sahihi, Haki Sahihi: Matumizi Bora ya Programu za Ofisi kwa Vikundi na Vijiji vya Handeni na Korogwe

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la leo, kwa sehemu kubwa, limo ndani ya kompyuta. Katika Wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, ambako kila wilaya ina Halmashauri ya Wilaya na Halmashauri ya Mji, orodha za wanavikundi, wanafunzi, wakulima na wagonjwa huandaliwa kwa programu za kawaida za ofisi kama vile Microsoft Word na Excel, au LibreOffice inayopatikana bila malipo.

Umuhimu wa orodha hizo hauishii kwenye karatasi. Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha Mkata au Mombo kinachowasilisha orodha yenye namba zilizoharibika kinaweza kucheleweshewa uhakiki, ilhali wanachama wake wana sifa zote. Makala haya yanaeleza makosa yanayotokea mara nyingi na namna rahisi ya kuyaepuka.

Namba ya NIDA na namba ya simu

Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo huonesha mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel, hata hivyo, huhifadhi tarakimu 15 pekee kwa kila namba. Mtumiaji akiandika tarakimu zote 20 mfululizo katika kisanduku cha kawaida, tano za mwisho hugeuzwa kuwa sifuri. Kosa hilo halirekebishwi kwa kubadili muundo wa kisanduku baadaye. Ni lazima namba isomwe upya kutoka kwenye kitambulisho.

Njia salama ni kuandika namba pamoja na vistari vyake kama inavyoonekana kwenye kitambulisho. Vistari hivyo huifanya programu iichukulie namba kuwa maandishi. Vilevile, husaidia wakati wa kutafuta majina yaliyojirudia, kwa kuwa fomula ya COUNTIF hulinganisha tarakimu 15 za mwanzo tu pale namba ndefu inapoandikwa bila vistari, hivyo watu wawili tofauti wanaweza kuhesabiwa kuwa mtu mmoja.

Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mwanzo. Kabla ya kuanza kuandika, chagua safu nzima ya simu, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua mpangilio wa visanduku na uchague "Text". Fanya hivyo pia kwa namba za akaunti za benki.

Kupanga majina bila kuhamisha haki ya mtu

Kosa la hatari zaidi ni kupanga safu ya majina kialfabeti huku safu nyingine zikibaki zilipo. Jina la mtu mmoja huishia mbele ya akaunti ya mwingine, na jedwali huendelea kuonekana safi kabisa. Programu ikiuliza iwapo ipanue eneo lililochaguliwa, kubali. Kinga bora zaidi ni kubofya ndani ya orodha na kubonyeza Ctrl na T, ili Excel iitambue orodha nzima kuwa jedwali moja ambalo mistari yake husogea pamoja. Aidha, weka safu ya namba ya mfuatano tangu mwanzo, ili mpangilio wa awali uweze kurudishwa.

Tarehe

Tarehe 03/04/2025 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani huisoma kuwa Machi 4. Badilisha mpangilio wa eneo katika kompyuta, au andika mwezi kwa herufi. Kuna dalili moja ya haraka: tarehe iliyotambuliwa hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na isiyotambuliwa hukaa kushoto kama maandishi.

Barua nyingi kwa kazi moja

Katibu anayetakiwa kuandaa barua 60 za mwaliko hana haja ya kuandika jina moja baada ya jingine. Kupitia sehemu ya "Mailings" katika Word, barua moja huunganishwa na orodha ya Excel, na kila nakala hupata jina na kijiji chake. Faida yake ni kubwa iwapo orodha ni sahihi. Ikiwa na kosa, kosa hilo huingia katika barua. Hivyo, hakiki nakala chache kabla ya kuchapisha zote.

Umeme, nakala na siri za watu

Word na Excel huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 zisipobadilishwa mpangilio. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, punguza muda huo hadi dakika 2 na ujizoeze kubonyeza Ctrl na S. Lipe faili jina linaloanza na tarehe, mfano 2025-04-30, ili matoleo yajipange yenyewe kwa mfuatano.

Jambo la mwisho linahusu sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Orodha inayobandikwa kwenye mbao za matangazo au kutumwa katika makundi ya WhatsApp haipaswi kubeba namba za vitambulisho, simu na akaunti zisizohitajika kwa tangazo hilo. Kuficha safu hakutoshi, kwa kuwa yeyote anayepokea faili anaweza kuifichua. Tengeneza nakala nyingine, futa safu hizo, kisha uihifadhi kwa muundo wa PDF. Faili kamili lifungwe kwa nenosiri.

Kwa upande wake, mwananchi anayo nafasi ya kusaidia. Kabla orodha ya kikundi haijawasilishwa halmashauri, kila mwanachama aoneshwe mstari wake na kuulinganisha na kitambulisho chake: jina kwa tahajia iliyosajiliwa, tarakimu zote 20, simu yenye sifuri yake na akaunti yake. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo inaweza kuokoa wiki za kufuatilia marekebisho.