Joto la dortware linapita wapi?



Wageni wanafikiri huku Lusangi hakuna baridi. Waje kulala dortware mwezi wa Juni mpaka saa kumi za usiku, halafu tutasikilizana. Wakati wa kiangazi, mchana jua linachoma mpaka mtu anatafuta kivuli cha mwembe, lakini usiku kila mtoto anajikunja kama chongololo. Na Juni ndio mwezi ambao sisi wa darasa la sita tunangojea ekzamene ya Serikali.

Kwanza tujue neno moja. Joto haliketi mahali pamoja, linatoka penye joto jingi na kwenda penye joto kidogo. Basi baridi, ukiacha upepo, si kitu kinachoingia. Ni joto letu linalotoka. Blanketi nayo haina moto ndani yake, inazuia tu joto la mwili lisikimbie. Jaribu asubuhi: weka mguu mmoja juu ya simenti, mwingine juu ya mkeka. Vyote viwili vimelala katika nyumba moja na joto lao ni sawa, lakini simenti inakuuma, sababu inavuta joto la mguu kwa haraka. Kwa hiyo mwenye kulala chini na blanketi mbili aweke moja chini ya mwili.

Sasa tuangalie juu. Bati letu, ao manjanja, halifiki hata nusu ya milimeta kwa unene, na chuma kinapitisha joto karibu mara 2000 kupita hewa iliyotulia. Nyasi zinashika hewa katikati ya vijiti vyake, ndiyo maana nyumba ya bibi kijijini ina joto usiku na ubaridi mchana. Akili ni ile ile ya termosi ya chai, ambayo James Dewar aliivumbua mwaka wa 1892: kuta mbili, na katikati hata hewa imetolewa. Tena kiangazi hakuna mawingu. Bati linatupa joto lake mpaka angani, kama vile makala yanavyokuchoma uso bila kukugusa, na kufika alfajiri linakuwa na baridi kupita hewa ya inje. Pumzi yetu ikilifikia inageuka maji na kudondoka. Watu wanasema nyumba inavuja. Inavuja namna gani bila mvua? Ni pumzi yetu wenyewe!

Kuta, mimi naona zinasingiziwa. Ukuta mnene wa matofali unakula jua mchana kutwa na kulirudisha polepole usiku. Weka mkono juu ya ukuta wa magaribi kisha sala ya jioni, utasikia. Ubaya ni ukuta uliolowana. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kupita hewa, na yakikauka yanachukua joto tena, kama jasho mwilini. Kwa hiyo mfereji kando ya nyumba na kupaka udongo upya chini ya ukuta, hiyo ni kazi ya baridi pia, si ya mvua tu.

Nafika sasa kwa neno lililonifanya niandike. Mwaka jana nilikuwa kapita wa chumba. Usiku mmoja watoto waliniambia: “Kapita, tunakufa na baridi, tuingize mbabula kidogo tu.” Makala yalikuwa mekundu, hakuna moshi hata kidogo, nikakubali. Tukaziba madirisha kwa mifuko. Usiku wa manane mmoja akaanza kutapika, mwingine tulimwita hakuitika. Tuliwavuta mpaka inje, na Mungu akatusaidia, wakaamka. Kosa lilikuwa langu. Makala yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha yanatoa gazi, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Inashikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kupita oksijeni, hivi damu inazunguka bure. Mtu anasikia kichwa kuuma na usingizi, anafikiri ni joto tamu. Hata Petro katika Yohana 18, moto wa makaa aliuota uwanjani, hakuuota chumbani.

Basi tufanye nini? Dari. Mikeka ya matete ifungwe chini ya bati, na nafasi ya mikono miwili katikati, kusudi hewa itulie pale. Muchwa na panya watakuja, najua, lakini matete hayana bei hapa kwetu. Upenyo kati ya ukuta na bati tusiuzibe wote. Watu ishirini wanahitaji kupumua. Vitanda tuvisogeze mbali na ukuta uliolowana. Na magodoro tuyajaze majani ya mupunga yaliyokauka vizuri. Mupunga ukivunwa, majani yake tunayachoma bure shambani.

Siku ya salongo, Jumamosi, tutaanza na chumba cha watoto wa mwaka wa kwanza, sababu blanketi zao ni nyembamba kuliko zetu. Mwenye panga alete panga. Kamba za kufungia tutazitafuta mtoni Ijumaa kisha masomo.