Maneno ya Kiingereza ya Kusoma, Kujifunza na Kupima Mambo

Mfasiri atafutaye maana ya neno moja la Kiingereza hukuta mara nyingi kwamba nyuma yake kuna jamii nzima ya maneno yafananayo. Jambo hili laonekana wazi katika maneno yahusuyo elimu na fikira. Vitabu vya visawe huyaweka pamoja “study”, “learn”, “read”, “con”, “peruse”, “consider”, “ponder” na “deliberate” kana kwamba yote ni mamoja. Lakini kila moja lina asili yake na mahali pake, na atumiaye moja badala ya jingine aweza kuipotosha maana asijue.

Wingi huo una sababu katika historia. Kiingereza cha kale kilikuwa lugha ya jamii ya Kijerumani. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya jumba la mfalme na ya wakuu, nacho Kilatini kikaendelea kuwa lugha ya kanisa na ya wanazuoni. Maneno ya asili hayakufa. Yalibaki vinywani mwa watu, na yale mageni yakatandazwa juu yake. Hali hiyo si ngeni kwa Kiswahili, ambacho kina “funza”, “waza” na “pima” kwa upande wa Kibantu, na “durusu”, “hifadhi” na “tafakari” kwa upande wa Kiarabu.

“Learn” ni neno la asili. Lina undugu na “lore”, yaani elimu ipokewayo kwa wazee, na shina lake la kale lahusiana na kufuata nyayo au mfuo. Zamani neno hili lilikuwa na maana ya kujifunza na ya kufunza pia, na Shakespeare alilitumia hivyo. Siku hizi maana ya kufunza huhesabiwa kuwa kosa katika Kiingereza sanifu. Kiswahili kimezishika maana zote mbili kwa shina moja pasipo kuzichanganya: kungwi humfunda mwali, mwalimu humfunza mwanafunzi, na mwanafunzi hujifunza. Kiambishi “ji” chafanya kazi ambayo Kiingereza kiliifanya kwa kuitupa maana mojawapo.

“Study” lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini “studium”, ambalo maana yake ya kwanza ni bidii au shauku. Hapa ndipo penye tofauti kubwa. “Study” lataja juhudi, na “learn” lataja matokeo. Mtu aweza ku-“study” mwaka mzima asi-“learn” kitu, wala Mwingereza haoni ajabu katika usemi huo. Mfasiri akiandika “alijifunza asijifunze” atachekwa. Imempasa aseme “alisoma asielewe” au “alidurusu asiambulie kitu”. Hivyo swali la mkaguzi wa shule kuhusu walichosoma watoto si sawa na swali kuhusu walichokijua.

“Read” pia ni la asili, na hapo kale lilikuwa na maana ya kushauri na kufumbua jambo lililofichika. Ndiyo sababu lina undugu na “riddle”, yaani kitendawili. Katika vyuo vikuu vya Uingereza husemwa kwamba mtu ana-“read” sheria, kama vile Mswahili asemavyo kwamba fulani anasoma sheria. “Con” lina undugu na “can”, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kujua. Nalo ni kusoma kwa kurudiarudia mpaka maneno yashike moyoni, karibu na “kukariri”. Lisichanganywe na “con” lenye maana ya kulaghai, ambalo ni ufupisho wa “confidence”. “Peruse” kwa kanuni ni kusoma kwa makini, ingawa wengi hulitumia kwa kupitisha macho tu.

Maneno ya kufikiri nayo yamejaa mifano ya vitendo vya mwili. “Ponder” latokana na neno la Kilatini la kupima uzito. “Deliberate” huhusishwa na “libra”, yaani mizani, na “consider” huhusishwa na nyota. “Ruminate” ni kucheua kama ng’ombe. Kiswahili hakihitaji kuazima mizani hiyo, kwa kuwa chasema “kupima maneno”. Tena kinayo “kutabahari”, ambalo asili yake ni bahari, kwa mtu aliyezama katika elimu.

Umuhimu wa tofauti hizi umezidi tangu mwaka 2021, Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Litazamwe “deliberate” peke yake. Likiwa kitenzi cha watu wengi waliokaa barazani, maana yake ni “kushauriana”. Likiwa la mtu mmoja, ni “kutafakari”. Likiwa sifa ya usemi, ni usemi wa polepole uliopimwa. Lakini likiwa sifa ya kitendo, maana yake ni “cha makusudi”. Mfasiri akiandika “kitendo kilichotafakariwa” mahali palipotakiwa “kitendo cha makusudi”, mshtakiwa aweza kuonekana kuwa alipanga jambo kwa muda mrefu, hali shtaka lasema tu kwamba hakulitenda kwa bahati mbaya. Kati ya maneno mawili hayo pana hatari ya mtu kuhukumiwa kwa kosa lisilokuwa lake.

Roget alipotoa kitabu chake cha visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa fikira wala si kwa herufi, naye hakukusudia kueleza tofauti zake. Kazi ya kuzieleza ilikwisha kufanywa na George Crabb katika kitabu chake cha mwaka 1816. Mtunga kamusi ya Kiswahili ahitaji kazi zote mbili: kwanza kuyakusanya maneno yaliyo ndugu, kisha kuonyesha ni nani hutumia lipi, kwa jambo gani, na mbele ya nani. Orodha isiyo na maelezo hayo humpa mfasiri wingi wa maneno, ikamwacha bila njia ya kuchagua.