Maneno Ambayo Muuguzi Atakuuliza Kabla ya Skaneri

Pengine mganga amekuambia kwamba unapaswa kupigwa picha kwa skaneri. Hiyo ni mashine yenye umbo la pete kubwa. Hupiga mwili picha kwa mionzi ya X, kipande kwa kipande, kama mtu anayekata mkate apate kuona ndani yake. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971, na waganga wakaona uvimbe katika ubongo wake kabla ya kumpasua.

Lakini kabla ya mashine utakutana na muuguzi, naye atakuuliza maneno mengi. Usimfiche neno. Wako wanaosema moyoni, «Nikitaja ugonjwa wa figo, watanirudisha nyumbani.» Sivyo. Mara nyingine dawa yenye iodini hutiwa katika mshipa ili picha ionekane vizuri, nayo hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa dhaifu sana, dawa hiyo yaweza kuzidhuru. Kwa hiyo muuguzi atataka damu yako ipimwe kwanza. Kama una ugonjwa wa sukari na unameza metformini, mwonyeshe vidonge vyako, maana pengine utaambiwa uviache kwa siku mbili. Kama dawa ya namna hiyo ilikuwasha mwili au kukuzuia pumzi zamani, sema upesi. (Kudhuriwa na samaki ni jambo lingine, wala hakukuzuii.)

Wewe mama, atakuuliza kama una mimba. Muuguzi mwenye akili atakuuliza peke yako, si mbele ya mume wala mama mkwe. Hata kama siku zako zimechelewa juma moja tu, mwambie, kwa ajili ya mtoto.

Vua hereni, mkufu na pini za nywele, kwa kuwa chuma huharibu picha. Ukikatazwa kula, usile.

Dawa ikiingia utasikia joto mwili mzima, na ladha ya chuma kinywani. Wengine hudhani wamejikojolea. Lala kimya, joto hilo hupita upesi. Lakini mkono ukivimba penye sindano, au koo likikaza, ita: watu wa mashine wanakusikia.

Picha ikiisha, usikimbilie nyumbani. Muuguzi atakuangalia karibu nusu saa ndipo aondoe sindano.