Maambukizi ya minyoo wakati wa ujauzito

Maambukizi ya minyoo wakati wa ujauzito ni hali ya mja mzito kuwa na minyoo wanaoishi mwilini mwake kama vimelea, hasa katika utumbo au katika mishipa ya damu. Hutokea zaidi katika nchi za joto zenye uhaba wa vyoo na maji safi, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki. Kwa kawaida minyoo wa utumbo hawaingii katika mfuko wa uzazi wala hawamgusi mtoto aliye tumboni. Madhara yao makubwa hupitia damu ya mama: wanapoipunguza, mtoto naye hupungukiwa.

Aina za minyoo

Minyoo wanaowapata wajawazito mara nyingi ni hawa:

- Minyoo wa safura (Necator americanus na Ancylostoma duodenale), wenye urefu wa sentimita 1 hivi. Hung'ata ukuta wa utumbo mwembamba na kufyonza damu.
- Mchango (Ascaris lumbricoides), mnyoo mkubwa wa mviringo ambaye huweza kuzidi sentimita 20. Hashiki ukuta wa utumbo, bali hula chakula kilichomo ndani yake.
- Minyoo-mjeledi (Trichuris trichiura), wanaoishi katika utumbo mpana. Wakiwa wengi husababisha kuhara damu.
- Minyoo wa kichocho (Schistosoma), wanaoishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu au utumbo.

Namna ya kuambukizwa

Mayai ya minyoo wa safura hutoka na kinyesi. Yakiangukia udongo wenye unyevu na kivuli huanguliwa kuwa lava, na baada ya siku 5 hadi 10 lava hao huweza kupenya ngozi ya mtu anayekanyaga pekupeku. Husafiri kwa damu hadi kwenye mapafu, hupanda hadi kooni, humezwa pamoja na mate na hatimaye hufika utumboni, ambako hukomaa. Ndiyo maana mama anayelima shambani bila viatu yumo hatarini hata kama chakula chake ni safi.

Mchango na minyoo-mjeledi huingia kwa kinywa, kupitia mboga zisizooshwa, maji au mikono yenye mayai yao. Lava wa kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kuteka maji ziwani, mtoni au katika mifereji ya mashamba ya mpunga.

Minyoo na upungufu wa damu

Mnyoo mmoja wa safura wa aina ya Necator hupoteza takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo kuliko tone moja. Lakini mwanamke mwenye minyoo 100 wa aina hiyo hupoteza mililita 3 kila siku, na katika miezi tisa ya ujauzito jumla yake hufikia mililita 800 hivi. Ancylostoma hunyonya mara kadhaa zaidi ya hapo.

Hasara hiyo hutokea wakati ambapo mwili unahitaji damu nyingi kuliko kawaida. Ujauzito mzima hudai takriban miligramu 1,000 za madini ya chuma kwa ajili ya mtoto, kondo la nyuma na ongezeko la damu ya mama. Wanawake wengi huanza ujauzito wakiwa na akiba ndogo ya madini hayo, na penye malaria chembe nyekundu huharibiwa pia na ugonjwa huo. Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu yumo katika hatari ya kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Aidha, akitokwa na damu wakati wa kujifungua, hata kiasi ambacho mwingine angekistahimili kinaweza kumuua.

Dalili na utambuzi

Wenye minyoo wachache huenda wasihisi lolote. Wengine huchoka, huona kizunguzungu, moyo huenda mbio, na viganja na sehemu ya ndani ya kope hupauka. Kwa kuwa uchovu ni jambo la kawaida katika ujauzito, dalili hizi hupuuzwa kwa urahisi.

Mayai ya minyoo hutafutwa katika choo kwa hadubini. Ya kichocho hutafutwa pia katika mkojo. Mja mzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu ikiwa hemoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita, na chini ya gramu 7 upungufu huo ni mkali.

Hamu ya kula udongo, kama ule uitwao pemba nchini Tanzania, huweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Baadhi ya udongo huzuia madini hayo yasifyonzwe, na uliochafuliwa na kinyesi huweza kubeba mayai ya mchango.

Tiba

Minyoo wa utumbo hutibiwa kwa dozi moja ya albendazoli miligramu 400 au mebendazoli miligramu 500. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa hizi baada ya miezi mitatu ya kwanza, muda ambao viungo vya mtoto vinaumbika. Hupendekezwa zitolewe hata bila kipimo cha choo mahali ambapo angalau asilimia 20 ya wajawazito wana safura au minyoo-mjeledi na angalau asilimia 40 wana upungufu wa damu.

Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli. Kwa miaka mingi wajawazito walinyimwa dawa hiyo kwa tahadhari, hadi mwaka 2002 wataalamu waliokutanishwa na Shirika hilo waliposhauri wasiachwe nje ya tiba.

Dawa ya minyoo huziba tundu, lakini hairudishi damu iliyokwisha kupotea. Kwa hiyo hutolewa pamoja na vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki.

Matokeo ya utafiti

Nchini Sri Lanka, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha wanawake zaidi ya 5,000 waliotumia mebendazoli na wengine zaidi ya 1,700 ambao hawakuitumia. Kasoro za kuzaliwa hazikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika, na vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilikuwa vichache kwa waliotumia dawa.

Huko Entebbe, Uganda, jaribio la wanawake wapatao 2,500 halikuonyesha kuwa albendazoli au prazikwanteli huongeza uzito wa mtoto anapozaliwa. Wengi wao walikuwa na maambukizi mepesi, na wote walipewa madini ya chuma. Watoto wa mama waliopewa albendazoli walipata ukurutu zaidi. Hivyo faida ya dawa hutegemea wingi wa minyoo na hali ya damu ya mama.

Kinga

Anayetibiwa huweza kuambukizwa tena akirudi katika udongo au maji yaleyale. Kinga ya kudumu ni choo kinachotumiwa na kila mtu wa nyumbani, wakiwemo watoto. Kuvaa viatu, kunawa mikono kwa sabuni na kuosha mboga hupunguza maambukizi. Kuanza kliniki mapema huwezesha damu kupimwa kungali na muda wa kuiongeza kabla ya siku ya kujifungua.