Mchezo wa kompyuta unaomtoza mvunja mkataba

Katika Diplomacy, mchezo wa mezani wa Mmarekani Allan Calhamer uliouzwa mara ya kwanza 1959, mataifa saba ya Ulaya hupatana kwa mdomo, kisha kila moja huandika amri zake kwa siri. Msaliti haadhibiwi na kanuni yoyote.

Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Paradox ya Uswidi uliotolewa 2013, uliweka gharama. Mkataba wa amani huzuia vita kwa miaka 5 hadi 15, ya mchezoni bila shaka. Anayeshambulia mapema hupoteza uthabiti wa taifa lake, na majirani huweza kuungana dhidi yake.

Hata hivyo, uthabiti hununuliwa tena kwa pointi za utawala, na chuki ya majirani hufifia mwaka baada ya mwaka. Mwenye akiba ya kutosha huilipa adhabu hiyo kama nauli, akaendelea kuteka.